Mungu Si Kocha Msaidizi

Kuna uzushi unaopendwa sana katika vyuo vikuu vya kidini vya Marekani: kwamba timu ikishinda, Mungu ameridhika, ikishindwa, imani ya kocha ina kasoro. Naupinga kwa sababu mbili. Kwanza, rekodi za mchezo wenyewe zinaukanusha. Pili, na hili ndilo zito, uzushi huo huumiza watu.

Tuanze na rekodi. Notre Dame, chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoko Indiana, kina jina kubwa katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai. Knute Rockne, kocha wake mashuhuri kuliko wote, alitwaa ubingwa wa taifa wa 1924 akiwa Mlutheri. Aliingia Ukatoliki mwaka uliofuata. Ara Parseghian, aliyeanza kazi mwaka 1964, alikuwa Mpresbiteri. Katika misimu 11 alishinda michezo 95, akapoteza 17 na kutoka sare 4, akatwaa ubingwa wa 1966 na wa 1973. Mwaka 1981 kazi hiyo akapewa Gerry Faust, Mkatoliki mcha Mungu aliyejijengea sifa katika sekondari ya Kikatoliki mjini Cincinnati. Katika misimu mitano alishinda 30, akapoteza 26, sare 1. Je, tuseme Mungu aliipokea sala ya Mpresbiteri akaikataa ya Mkatoliki, tena katika nyumba ya Wakatoliki?

Atakayenipinga atanitajia LaVell Edwards wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, kilichoko Utah, mali ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Edwards, muumini wa kanisa hilo, alishinda michezo 257 katika misimu 29, pamoja na ubingwa wa taifa wa 1984. Nakubali. Lakini wakati timu nyingi zilitegemea kukimbia na mpira, yeye aliifundisha yake kuurusha. Hiyo ni mbinu, na mbinu hujifunzwa uwanjani, si madhabahuni. Nikitaka kuiona imani ya chuo hicho, huitazama katika msimamo wake wa kutocheza Jumapili, hata ratiba ikikibana. Imani hujulikana kwa kile ambacho mwenye nayo yuko radhi kukikosa.

Sasa tuliguse jeraha. Baylor, chuo kikuu cha Kibaptisti huko Waco, Texas, kilitwaa ubingwa wa ligi ya Big 12 mwaka 2013, na mwaka 2014 kikagawana ubingwa huo na chuo kingine. Nyuma ya vigelegele hivyo walikuwapo wanafunzi wa kike waliolalamika kubakwa, na miongoni mwa watuhumiwa walikuwamo wachezaji. Mei 2016 bodi ya chuo ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mawakili iliowaajiri yenyewe: katika baadhi ya matukio, watumishi wa michezo na wa timu walichagua kutopeleka taarifa kwa wahusika walio nje ya idara yao. Kocha Art Briles aliondolewa. Kenneth Starr, mwanasheria aliyemchunguza Rais Bill Clinton katika miaka ya 1990, alivuliwa urais wa chuo.

Nitaambiwa kwamba vyuo visivyo vya dini navyo vimeficha maovu. Ni kweli. Lakini chuo cha dini kina pazia la ziada. Ushindi ukishaitwa baraka, anayelalamika huonekana anapingana na Aliyebariki. Binti aliyedhulumiwa hushindana na kocha, na mashabiki, na fedha, kisha na mbingu pia. Hakuna kufuru kubwa kuliko hiyo.

Kocha apimwe kwa ujuzi wake, na chuo kisione haya kusema hivyo. Uchaji wake abaki nao, aujibie kwa Mola wake. Malalamiko dhidi ya timu yapokelewe na ofisi ambayo kocha haiamrishi wala haiogopi kumkera. Nawe mtumishi wa umma unayeketi kwenye jopo la usaili: ukiambiwa kwamba mwombaji ni mcha Mungu, pongeza, kisha uliza ni nani atakayemkagua. Mcha Mungu wa kweli hatachukizwa na swali hilo.