Umeme wa mto: kwanza mashini ya mpunga, kisha kompyuta za mbali



Vituo vya data ni nyumba kubwa zilizojaa kompyuta zinazotumika usiku na mchana. Pesa unayotuma kwa telefone, picha, ujumbe, vyote vinapita au vinatunzwa mule. Nyumba hizi zinataka umeme usiokatika, njia nzuri ya intaneti na namna ya kupoza joto, mara nyingi kwa maji. Katika nchi yetu makampuni kama Raxio na OADC Texaf yameweka vya kwao Kinshasa. Mtu wa Isangi ao Opala atasema: hayo ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Mimi nasema hapana. Kituo kikubwa kinafuata umeme, na umeme wa Kongo unatoka mitoni.

Tuangalie jirani. Mwezi wa 5 mwaka 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, Kenya, kwa dola bilioni 1. Walichagua Olkaria sababu kuna mvuke wa ardhini unaotoa umeme. Walisema kingeanza na megawati 100. Sasa linganisheni: baraji yetu ya Tshopo, mashini zake zote tatu zikitembea, haifikishi megawati 20. Kituo kimoja cha namna ile kingekula baraji tano kama yetu. Na sisi tunajua vile Kisangani inakaa gizani kila mashini moja inapoharibika.

Hata karibu zaidi, Kivu ya Kaskazini, hifadhi ya Virunga iliweka kompyuta za bitcoin pembeni ya kituo chake cha umeme cha Luviro mwaka 2020. Sababu yao ilieleweka: umeme ulikuwapo, nyaya za kuufikisha vijijini bado, na hifadhi ilihitaji pesa. Lakini tuone somo lake. Kompyuta inaweza kuhamia kwenye umeme haraka kuliko nyaya zinavyofika kwa mkulima. Asiyekuwa na nyaya, umeme wake unaitwa "wa ziada".

Na ziada ya namna hiyo tunaijua zamani. Laini ya Inga hadi Kolwezi, kilometa karibu 1,700, ilimalizika mwaka 1982 ili kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga. Inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha taa ya petroli. Hakuna aliyeiba umeme wao. Haukuandikwa tu kwa jina lao.

Njo maana ninaona Leta isingoje mpaka kampuni ije na ramani yake. Mahali pa kujenga vituo hivi paamuliwe kwa kanuni inayojulikana mbele, na kanuni hiyo iwe na mambo matatu.

Kwanza, mkataba uandike ni megawati ngapi zinabaki mahali mto unapopita, na nyaya za vijiji zivutwe kabla kompyuta haijawashwa. Mashini ya kutwanga mpunga ya Bengamisa inayokunywa mazuti kila siku ihesabiwe kama mteja, siyo kama mwombaji.

Pili, shamba lililolazwa lisiitwe pori. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Leta. Mgeni akiona miti midogo, anadhani hakuna mwenyewe, kumbe ni shamba la mama fulani linapumzika.

Tatu, watu waulizwe kwa lugha wanayosikia. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inaomba wananchi wasikilizwe kabla ya mradi mkubwa. Kikao cha Kifaransa ndani ya hoteli ya mjini hakitoshi.

Wengine watasema: masharti mengi yatafukuza wenye pesa. Lakini mwenye pesa anatafuta umeme, na mito haihami. Hata Ireland, nchi tajiri, vituo vya data vilichukua karibu asilimia 21 ya umeme wake mwaka 2023, na ilibidi kuweka mipaka kuzunguka Dublin. Siyo kwamba sisi tunakataa maendeleo. Kituo kinaweza kulipia nyaya ambazo Leta peke yake imeshindwa kuvuta. Lakini hakitalipia kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Basi koperative zisingoje. Kila moja iandike mashini zake ni ngapi, zinakula mazuti kiasi gani kwa mwezi, na mipaka ya mashamba yanayopumzika, na chefu wa kijiji atie sahihi. Tukusanye karatasi hizo tuzipeleke kwa gavana na kwa bunge la jimbo. Siku kampuni itakapouliza "nani anahitaji umeme huu?", jibu liwe tayari juu ya meza.