Chumvi Imeyeyuka au Imemumunyika?
Mtoto wa Bukoba au Muleba akiona chumvi imetoweka katika sufuria ya ndizi, husema imeyeyuka. Kauli hiyo yatosha jikoni, darasani haitoshi. Majini chumvi humumunyika. Kuyeyuka ni kazi ya moto: chumvi ya mezani huwa uowevu ifikapo nyuzi 801 za Selisiasi, bila tone la maji. Tusipotenga vitenzi hivi, tutamwelezaje kwamba kule Ouarzazate, Moroko, chumvi za aina nyingine zilizoyeyushwa hutunza joto la jua ili umeme upatikane usiku? Makali ya moto ayajue kwa wahenga wake, wahunzi wa Kihaya, waliochochea tanuri za chuma kwa mifuo. Washairi, kitenzi sahihi kitangulie fomula.