Kunasa Maneno ya Simu kwa Siri



Likizo iliyopita alinijia mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja. Yeye hufanya biashara ya kahawa. Tajiri mmoja alimtajia bei kwa simu, na magunia yalipofika akakana. Basi akaniambia, "Ndugu yangu, wewe watengeneza programu za simu. Nifanyie moja inase kila neno, na mtu asijue."

Nilimhurumia, lakini nilikataa. Wengine wataniita mwoga, nisikieni kwanza.

Zamani kidogo kazi hii haikuwa ngumu. Mtengenezaji aliiamuru simu ya Android ichukue sauti za pande mbili, na simu nyingine zilikubali. Hata ilipofika Android 10, mwaka 2019, mlango ulikuwa umefungwa: ruhusa hiyo hupewa programu zilizotiwa na kiwanda, na programu ya kawaida huambulia kimya. Watu wakazunguka nyuma, wakatumia huduma iliyowekwa ili vipofu wasomewe yaliyo kiooni. Google ikakataza hila hiyo katika duka lake tangu Mei 2022. Mimi nilifurahi, maana njia ya vipofu ikijaa wapelelezi itafungwa, nao wataumia kwa kosa lisilo lao.

Apple nao waliruhusu kunasa mazungumzo mwaka 2024, lakini simu hutangaza, na wote wawili husikia. Hiyo ndiyo adabu. Najua, tajiri akisikia tangazo huenda akakata simu. Na akate! Mtu anayeogopa maneno yake mwenyewe, utampelekea magunia?

Husemwa kwamba asiye na hila haogopi kunaswa. Si kweli. Bwenini mwetu alikuwako kijana aliyeazima simu ya mwenzake akamlilia dada yake, kwa mambo ya nyumbani kwao. Mwenye simu alikuwa ameinasa sauti ile, akaifungulia usiku mbele ya watu hamsini. Tulicheka, na mimi nikiwamo. Muhula uliofuata kijana yule hakurudi. Alikuwa na hila gani?

Rafiki yangu nilimshauri kwamba kila akiisha kupatana bei, aiandike katika ujumbe na kumwomba tajiri ajibu "ndiyo". Ameanza. Tajiri yule hajajibu hata mmoja, na kahawa sasa anauziwa mtu mwingine.