Sare si Dhamana ya Dukani

Mtu apitaye Ruziba jioni, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, huviona vibanda vingi vyenye vitu vile vile: mchele, maharagwe, chumvi, sabuni, mawese yaliyotoka kusini, na ndagala wakavu wa Ziwa Tanganyika. Baadhi ya vibanda hivyo ni vya wake wa askari na polisi, na vingine ni vya ndugu zetu waliokwisha kustaafu. Hufunguliwa kwa shangwe. Baada ya miezi michache, si vichache vinavyofungwa kimya kimya. Tukiuliza sababu twajibiwa kuwa bei zimepanda na mafuta ya magari hayapatikani. Majibu hayo si ya uongo, kwani tangu mwaka 2022 nchi yetu imepata taabu nyingi za petroli na dizeli. Lakini jirani aliyepatwa na taabu hizo hizo bado anauza. Yatupasa basi tutafute sababu nyingine, nasi twaiona karibu mno: iko katika sare tunayoivaa.

Mke wa askari afunguapo kibanda, wateja wake wa kwanza huwa ni wenzake mumewe. Huja kwa moyo mwema, huchukua kilo mbili za mchele na chupa ya mafuta, kisha husema, "Mama, niandikie, mwisho wa mwezi nitapita." Mama huyo atasemaje? Huyu ni mwenzake mumewe, pengine ni mkubwa wake kazini. Huandika. Wiki ya pili huja wengine watatu. Wazee walikwisha kusema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na katika kibanda kidogo matanga hayo huwa ya mwenye kukopesha.

Tufanye hesabu. Tuseme mama ana mtaji wa faranga 200,000, na kila auzapo shehena yote hupata faida ya faranga 20,000. Akiuza kwa fedha taslimu na kununua upya kila wiki, mwisho wa mwezi fedha zake zimezunguka mara nne, naye ana faranga 80,000 za faida. Akikopesha shehena hiyo yote hadi siku ya mishahara, fedha zimezunguka mara moja tu, na faida ni faranga 20,000. Mdeni mmoja tu wa faranga 20,000 akihamishiwa Cibitoke au Makamba kabla ya kulipa, mama amefanya kazi mwezi mzima bure. Si wizi, wala si uchawi wa jirani. Ni fedha zilizolala.

Liko na jambo zito zaidi, nalo twalisema waziwazi kwa kuwa tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe. Wako wenzetu wachache wanaokopa katika maduka ya raia wakiwa wamevaa magwanda, wakijua kwamba mwenye duka ataona haya au ataogopa kukataa. Mwenye duka huyo hatashtaki. Ataongeza tu bei kidogo kwa kila mtu ili kufidia hasara, au ataficha sukari aonapo sare inakaribia. Hapo jeshi zima na polisi nzima wamekwisha kuharibiwa jina kwa sababu ya pakiti mbili za sigara. Sare hutolewa na Serikali kwa kazi ya ulinzi. Haikutolewa iwe dhamana ya mkopo, wala iwe tangazo la biashara ya mke wa mtu. Kumlazimisha askari wa chini anunue kwa mke wa mkubwa wake ni ubaya ule ule uliogeuzwa upande. Mteja wa namna hiyo hupotea siku ile ile mkubwa ahamishwapo.

Je, kibanda kisiuze kwa deni kabisa? La hasha, mtaani kwetu hilo haliwezekani. Lakini deni lapaswa kuwa na mpaka. Mwenye kibanda na aamue tangu mwanzo ni kiasi gani cha mtaji kinachoweza kutoka kwa deni, tuseme sehemu moja katika kumi, na kikiisha kimeisha, hata aje nani. Kila deni liandikwe mbele ya mdeni mwenyewe, pamoja na tarehe ya kulipa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twashangaa kuona mtu ambaye kazini hawezi kupokea hata risasi moja pasipo kutia sahihi, lakini nyumbani hajui sabuni ngapi zimetoka dukani.

Tuje sasa kwenye kuvuta wateja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo yana ukweli, na mfano wake tunao katika ziwa letu wenyewe. Zamani ndagala walianikwa juu ya mchanga. Walichanganyika na vumbi, wakaliwa na kuku, na mvua ikinyesha wakaoza. Kuanzia mwaka 2004, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaushaji wa Mvugo na Muguruka, kusini kabisa mwa pwani yetu, walijifunza kuanika juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Samaki wakawa safi, wakakauka upesi, wakadumu muda mrefu zaidi. Bei ya kilo, iliyokuwa kama faranga 4,000 mwaka ule wa 2004, ilifika kama faranga 9,000 mwaka 2013. Ni kweli faranga yenyewe nayo ilipungua thamani katika miaka hiyo, hivyo tusidai kwamba tofauti yote ilitokana na wavu. Hata hivyo, mama wa Ruziba auzaye ndagala wasio na mchanga na awaoneshe wanunuzi hivyo, awamwage kwenye ungo mweupe mbele ya macho yao. Hilo ni tangazo lisilogharimu kitu.

Lakini kizuri nacho hakijiuzi kikiwa kimefichwa nyuma ya gunia. Bei iandikwe kwa chaki au juu ya kipande cha katoni, kwa maana wako wanunuzi wengi wanaoona haya kuuliza, hasa wenye fedha kidogo. Mafuta yapimwe pia kwa kipimo kidogo, kwa kuwa atakaye ya kupikia chakula cha jioni moja naye ni mteja. Mlango uwe wazi saa ambazo watu hurudi kutoka mjini, wala si saa ambazo mwenye duka hana usingizi. Aidha, kila kitu kilichoulizwa na hakikupatikana kiandikwe katika ukurasa wa nyuma wa daftari. Kikiulizwa na watu watano kwa wiki, ndicho cha kununua safari ijayo.

Ukuaji wa biashara wataka uangalifu zaidi. Tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024 askari wa Burundi walitumika Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na wengi walirudi na akiba ambayo hawakupata kuwa nayo kabla. Wako waliojenga nyumba, wakafanya vema. Wako pia waliofungua duka kubwa kwa siku moja, rafu zimejaa hadi darini, bidhaa zikiwa zimechaguliwa na bwana aliye mbali kwa simu, ilhali bibi aliyeko Ruziba ndiye aliyejua watu wa mtaa wanakula nini. Fedha nyingi zikageuka kuwa vitu visivyonunuliwa. Sisi tungeshauri robo ya akiba iingie kwanza dukani, bibi aachiwe kuchagua, na robo nyingine ifuate tu baada ya daftari la miezi sita kuonyesha faida.

Akiba inayobaki isilale chini ya kaunta. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea, na wafanyabiashara wengi walipoteza bidhaa pamoja na fedha walizokuwa wamezihifadhi mle mle, bila bima. Leo ziko kooperativa za akiba na mikopo, ziko na huduma za fedha kwa simu. Mauzo ya siku yaondoke kibandani siku hiyo hiyo.

Mishahara ya mwezi huu itakapoingia, kila mmoja wetu anayedaiwa na kibanda cha Ruziba, cha mke wa mwenzake au cha raia, apite huko kabla ya kupita kwingine. Na aende amevaa nguo za kiraia.