Kabla ya Uji, Mgonjwa Apimwe Kumeza

Mgonjwa mahututi akishatolewa mpira wa kupumulia, akafumbua macho na kuwatambua watoto wake, jambo la kwanza linalowajia ndugu ni uji. Hapa Bariadi utawaona asubuhi wakielekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Nyaumata, chupa mkononi na kikombe ndani ya kikapu. Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara, ambao wagonjwa wao waliozidiwa hupelekwa Bugando, Mwanza, kama walivyo wagonjwa wetu sisi wa Simiyu, huvuka ziwa na vyakula vyao vilivyofungwa kwa uangalifu mkubwa. Upendo huo si wa kubezwa. Lakini hatuna budi kusema waziwazi kwamba uji ule ule, ukinyweshwa kabla ya wakati, huweza kumuua mtu ambaye mashine ilikwisha kumwokoa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mpira wa kupumulia hupitishwa kinywani, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti na kuingia katika njia ya hewa. Ukikaa humo siku nyingi, koo hukwaruzika na kuvimba, misuli isiyofanya kazi hunyong'onyea, na ngozi laini ya ndani hupoteza hisia. Mtu mzima wa afya anapomeza, pumzi husimama kidogo na mlango wa njia ya hewa hujifunga kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha chakula hushuka tumboni. Aliyetoka kwenye mashine huenda asiweze kufanya hivyo. Chakula chake hushuka mapafuni.

Na la kutisha zaidi ni ukimya wake. Sisi sote tumezoea kwamba mtu akipaliwa atakohoa, machozi yatamtoka, naye atapigwapigwa mgongoni. Koo lililopoteza hisia halikohoi. Mwandishi wa safu hii aliwahi kumuuguza mzee mmoja wa ukoo wake katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Mzee alikuwa ametolewa mpira jana yake. Alinyweshwa chai ya maziwa akiwa amelala chali, akamaliza kikombe kizima bila kukohoa hata mara moja, nasi tukafurahi. Sauti yake tu ndiyo iliyobadilika, ikawa ya majimaji kama ya mtu anayesukutua. Hakuna aliyetuambia maana yake, wala sisi hatukuuliza. Siku ya tatu homa ilipanda, na kabla ya juma kwisha tulikuwa makaburini. Wapo katika ukoo waliosema ni mkono wa mtu.

Isidhaniwe kuwa haya ni ya nchi maskini peke yake. Madaktari wa Bern, huko Uswisi, walitangaza mwaka 2017 kwamba kati ya wagonjwa 933 walioondolewa mpira wa kupumulia na kupimwa, 116 walikutwa hawamezi sawasawa, na wengi wao waliondoka hospitalini wakiwa bado na shida hiyo. Vifo vyao katika siku 90 zilizofuata vilizidi vya wenzao. Tofauti yetu na Bern ni kwamba wao walipima. Tena kwetu jambo hili halikomei katika chumba cha wagonjwa mahututi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2023 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika ulionyesha kwamba karibu wagonjwa saba katika kila kumi walio mahututi walikuwa wamelazwa katika wodi za kawaida. Humo wamo pia wenye kiharusi, ugonjwa ambao nao huharibu umezaji, na ambao utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam uliuonyesha kuwa mwingi mno nchini mwetu.

Tiba ya kumeza ipo, na sehemu yake kubwa haihitaji umeme wala mafuta. Kwanza mgonjwa huangaliwa kama yu macho, kama aweza kuketi wima, kukohoa kwa nguvu na kumeza mate yake mwenyewe. Ndipo hupewa kijiko kimoja cha maji, akasikilizwa sauti na pumzi, kisha kingine. Akishindwa, halazimishwi, wala haachwi na njaa. Hulishwa kwa mpira wa puani huku akifundishwa upya. Hufundishwa kuinamisha kidevu anapomeza, kumeza kwa kukaza, kumeza mara mbili kwa tonge moja, na kufanya mazoezi ya ulimi na shingo. Kinywa chake husafishwa kila siku, kwa kuwa mate machafu yakishuka mapafuni huleta nimonia hata kama mgonjwa hajala kitu. Chakula nacho huchaguliwa. Watu wengi hudhani kwamba maji na chai ni vyepesi, basi ni salama. Kumbe kwa wagonjwa wengi vitu vya majimaji ndivyo vinavyokimbilia njia ya hewa kabla koo halijajiandaa, na uji mzito uliochujwa ukawa afadhali. Hata hivyo si kwa kila mmoja, na ndiyo maana apimwe. Matobolwa na sato mwenye miiba vingoje kwanza.

Huko Ulaya wanajaribu hata kuliamsha koo kwa umeme mdogo. Hayo si tunayoyaomba.

Tunayoyaomba wakuu wetu wanayaweza. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya wagonjwa mahututi na kununua vifaa vyake. Lilikuwa jambo jema, nasi tulilishangilia. Lakini kumpa mtu mashine ya kupumulia bila kumpima kumeza ni sawa na kumvusha ziwa kisha kumshusha kabla ya kufika gatini. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa matamshi na umezaji mwaka 2008, na Muhimbili nako kumeanzishwa shahada ya fani hiyo. Wizara ya Afya na TAMISEMI ziwawekee vijana hao nafasi za kazi mikoani, wasije wakaishia Dar es Salaam wote. Hadi watakapotosha, wauguzi wafundishwe kipimo cha kijiko, na iwe amri katika kila wodi kwamba asiyepimwa halishwi kwa mdomo, na kwamba kipimo kisicheleweshwe. Tunajua wauguzi ni wachache na wamechoka. Lakini kipimo hicho huchukua dakika chache, na nimonia humrudisha mgonjwa mikononi mwao kwa majuma.

Wananchi nao wataelewa wakielezwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi mbele ya redio, wakajifunza habari za vyoo, maji na malaria, kisha wakachimba vyoo kweli. Taifa lililoweza hayo litashindwaje kumweleza mama mwenye chupa ya uji, kwa Kiswahili, kwa Kisukuma au kwa Kikerewe, kwamba amwinue mgonjwa kwanza na amwulize muuguzi?

Wenzetu wa visiwani wana hoja ya pekee ambayo Bugando na Hospitali ya Nansio zinapaswa kuizingatia. Mgonjwa anayerudishwa Ukara hupanda gari na vyombo vya majini zaidi ya kimoja, na akipaliwa usiku huko nyumbani, hospitali iko ng'ambo ya maji. Cheti chake cha kutoka hospitali hutaja dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Kiandikwe pia, kwa Kiswahili kinachosomeka, anachoweza kumeza na asichoweza, alishwe ameketi vipi, na ni zahanati ipi itakayompima tena.