Vumbi tunalolifurahia wikendi ni la nani?

Majuzi nilikemewa na shosho wa watu, na kusema ukweli alikuwa na haki.

Tulikuwa wanne. Tulitoka Kikuyu alfajiri, tukapitia Limuru, tukaingia njia za msitu wa Kijabe tukiteremka kuelekea Maai Mahiu. Kama hujawahi kushuka ukuta ule wa Bonde la Ufa kwa baiskeli, nikwambie tu: vidole vinakufa ganzi kwa kushika breki, meno yanagongana, na huko mbele Mlima Longonot umekaa kama sufuria iliyopinduliwa. Mmoja wetu akapata pancha karibu na kibanda cha chai. Shosho mwenye kibanda akatuuliza tunaenda wapi. Tukamjibu, tena kwa majigambo, kwamba tunatafuta barabara mbaya. Mbaya kabisa.

Akaweka birika chini. "Mnatoka kwa lami kuja kutafuta barabara mbaya? Mjukuu wangu alizaliwa kwa hii barabara, ndani ya probox. Mvua ikinyesha hakuna gari inakubali kufika hapa. Nyinyi mnaona ni mchezo?"

Tukanyamaza. Chai tukanywa, tukalipa, tukaondoka bila picha hata moja. Lakini swali lake limenikaa kichwani, na naona linakuhusu hata wewe ambaye mara ya mwisho kukanyaga pedali ulikuwa darasa la sita.

Iko hivi. Kuna mchezo unaitwa graveli. Ni mashindano ya baiskeli kwenye murram, changarawe na njia za ng'ombe. Baiskeli yenyewe inafanana na ile ya Tour de France, ila tairi ni nene. Kule Kansas, Marekani, watu wamekuwa wakishindana tangu 2006 katika mbio ambazo siku hizi zinaitwa Unbound, kilomita zaidi ya 300 kwa siku moja, vumbi tupu. Mwaka 2022 shirikisho la baiskeli duniani likaanzisha ubingwa wa dunia wa graveli, Italia. Kwa ufupi, wazungu wanalipa doh nyingi kutafuta kitu ambacho sisi tunacho mpaka tumekichoka.

Na Kenya haijakaa pembeni. Mbio za Migration Gravel Race zilianza 2021 katika eneo la Maasai Mara: siku nne, kilomita kama 650, washiriki wakilala kwa hema. Timu ya Amani, yenye waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda, ilikuwa na nahodha Suleiman Kangangi. Kama jina hilo hulijui, tatizo ni sisi tunaoandika. Huyu ndiye aliyemaliza wa tatu Tour du Rwanda mwaka 2017. Agosti 2022 alifariki baada ya kuanguka akishindana huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Alienda kutafuta riziki kwenye changarawe ya wenyewe wakati changarawe ya kwao imejaa tele. Sisemi ni kosa la mtu. Nasema fikiria.

Huenda unajiuliza kwa nini tusishindane kwenye lami kama wengine. Kwanza, lami inaua. Jaribu kuendesha baiskeli barabara ya Nairobi kwenda Nakuru: trela inakupita karibu na kiwiko, matatu inakupigia honi kana kwamba umeiibia. Barabara ya Thika ilipokamilika 2012 iliwekewa njia za baiskeli. Pita leo sehemu zingine uone: boda boda, viatu vya mitumba, mahindi choma. Wengi wetu hatukuchagua murram kwa mapenzi, tulikimbilia huko. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma, na baiskeli yangu ya mitumba niliinunua kwa awamu. Sina bima. Vumbi halijawahi kunigonga kutoka nyuma.

Sasa turudi kwa shosho, kwa sababu hapa ndipo ligi yetu ya wapanda baiskeli inajidanganya. Kwenye makundi yetu, kila serikali ikitangaza lami mahali fulani, watu wanalia: "Wameharibu njia!" Jamani. Sehemu kubwa ya barabara za nchi hii haina lami. Hata wakandarasi wakifanya kazi mchana na usiku, mimi na wewe tutazeeka kabla murram iishe. Kumnyima mama mjamzito lami ili mtu wa Kilimani apate burudani ya Jumamosi, hiyo ni roho mbaya iliyovaa helmeti.

Lakini si kila lami ni sawa. Chukua ile barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayokata msitu na mbuga ya Aberdare kuunganisha Nyeri na Nyandarua. Mapema 2024 Nema ilitoa leseni yenye masharti, wahifadhi wakakimbilia mahakamani. Wanaoitaka wanasema itafupisha safari ya viazi na maziwa kwenda sokoni, na hilo si jambo dogo kwa mkulima. Wanaoipinga wanasema inapita juu kwenye mianzi na nyasi za baridi, zaidi ya mita 3,000, kwenye njia za ndovu, katika msitu unaojaza mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Wewe wa Nairobi, hayo ndiyo maji ya mfereji wako. Pale mimi nasimama na wahifadhi. Ndani ya mbuga hakuna kibanda cha shosho, hakuna mtoto anayezaliwa kwa probox. Tofauti ni hiyo tu, na sioni kwa nini mjadala wetu unashindwa kuiona. Lami ipelekwe mpaka mlangoni kwa watu, huko ndani paachwe.

Kuna jambo lingine sisi wa wikendi hatupendi kulisikia. Mabonde na makorongo tunayoyapiga picha yana kumbukumbu. Chini pale Maai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa kwenye tuta la reli yalifumuka yakabeba kijiji cha Kamuchiri, makumi ya watu wakafa. Septemba 2019, korongo la Hell's Gate liliua watu 7 kwa mafuriko ya ghafla, mmoja wao akiwa kijana wa pale aliyekuwa akiwaongoza wageni. Maji ya korongo hayatoki juu ya kichwa chako. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe uko kwa jua unajipiga selfi, ukuta wa matope unakuja. Nani anajua hayo? Ni vijana wanaokodisha baiskeli pale langoni Hell's Gate. Wageni wanawaona kama watu wa kuwapunguzia bei.

Na hapo ndipo doh ilipo, au ilipotakiwa kuwa. Mgeni anayekuja na baiskeli ya bei ya shamba analala kwenye kambi aliyoilipia kwa intaneti akiwa kwao, anakula kilicholetwa na lori kutoka Nairobi, anapita kijijini kwa spidi ya kilomita 25 kwa saa. Kinachobaki ni vumbi kwenye nguo zilizoanikwa. Kaunti zinazojisifu kwa utalii wa michezo zingeanza na mambo madogo: fundi wa baiskeli kila baada ya kilomita 40, kijana aliyefundishwa kusoma mto, mama wa chapati aliyeandikwa kwenye ramani ya njia. Hilo halihitaji kongamano hotelini.

Jumamosi ijayo tunarudi Kijabe. Safari hii tumekubaliana kifungua kinywa ni kwa shosho, watu kumi na mbili, na tumempigia simu mapema ili asonge ugali wa kutosha. Aliuliza swali moja tu: kama kati yetu kuna mtu anayefanya kazi kwa watu wa barabara. Hakuna. Lakini mmoja wetu anajua ofisi ya MCA wao ilipo, na barua tumeshaianza.