Mvuto wa Kazi ya Ishara za Reli



Mwezi uliopita alitujia mwenzetu mmoja, karani wa siku nyingi, naye uso wake ulikuwa wa huzuni. Mwanawe amemaliza masomo, amepata nafasi ya ukarani, naye aikataa. Ataka kwenda kujifunza kazi ya ishara katika reli. "Nimemlipia karo miaka yote hii," akasema mzee, "ili aende akavute vyuma?" Tulimpa kiti na chai, tukamwahidi kwamba tutalitazama jambo lake katika ukurasa huu, maana si yeye peke yake aliye na mashaka hayo.

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe ni nini. Wengi wetu tusafiripo kwa treni huona taa nyekundu na taa ya kijani, wala hatufikiri ya kuwa nyuma ya taa ile yupo mtu. Na tuchukue mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko vibanda vya ishara vya namna ya zamani, viendeshwavyo kwa mkono, vimedumu hata katika karne hii, na habari zake zimeandikwa sana. Njia hugawanywa vipande, na kwa desturi treni moja haipewi ruhusa kuingia katika kipande mpaka iliyotangulia imekwisha kutoka. Mtunza ishara hukaa katika chumba cha juu chenye madirisha mapana, na mbele yake nyenzo zimesimama safu moja: nyekundu ni za ishara za kusimamisha, za manjano ni za kuonya kwa mbali, nyeusi ni za kugeuza njia. Huzishika kwa kitambaa, ili jasho la mkono lisitie kutu chuma kilichong'arishwa. Mwenzake wa kibanda jirani humwuliza kwa kengele. Mapigo 4 maana yake: Je, njia i wazi kwa treni ya haraka ya abiria? Akikubali, huyarudisha mapigo yale yale. Mapigo 2, treni imeingia. Mapigo 2 kisha 1, treni imetoka. Na kila jambo huandikwa katika daftari, kwa saa na dakika yake.

Basi, ni nini kimvutacho mtu huko? Wako waliorithi kazi kwa baba zao, nao hatuna haja ya kuwaeleza zaidi. Wako wapendao treni tangu utoto. Walakini sisi twaona liko jambo kubwa kuliko hayo, nalo ni kwamba kazi ile ina mwisho. Makarani twalijua faili lisilokwisha: latoka meza hii, lalala majuma matatu meza ile, kisha larudi likiwa limeongezewa mstari mmoja wa kuomba maelezo. Mtunza ishara huipokea treni, akaipitisha, akaitoa, basi; zamu ikiisha hakuna jalada limfuatalo nyumbani. Tena huaminiwa. Usiku wa manane hana mkubwa asimamaye nyuma ya kiti chake, na dereva mwenye mamia ya watu nyuma yake husimama kwa ishara yake. Ni nani katika sisi awezaye kumsimamisha mkubwa namna hiyo, na mkubwa akatii?

Lakini kijana huyu hatumtendei haki tukimsimulia utamu tu. Na asikie pia habari ya Quintinshill, karibu na Gretna, Scotland, tarehe 22 Mei 1915. Mtunza ishara wa usiku, George Meakin, alipaswa kumpisha mwenzake saa 12 asubuhi. Walikuwa wamepatana kwamba wa mchana, James Tinsley, aweza kuchelewa kidogo, apate kupanda treni ya abiria ya mahali pale. Ili wakubwa wasijue, Meakin akiisha kufikia saa 12 aliacha kuandika katika daftari, akaandika katika kikaratasi, na Tinsley akifika huyanakili kwa mwandiko wake mwenyewe. Asubuhi ile Tinsley alifika na treni yake kama saa 12 na nusu, nayo ikahamishiwa njia ya pili, ikasimama karibu na kibanda. Yeye akaketi kunakili. Hakuna aliyetia pete ya ukumbusho katika wenzo uliohusika. Akaisahau treni ile ile iliyomleta, akaikubali treni ya askari katika njia iliyozibwa. Treni zikagongana, na punde treni ya haraka iliyotoka London ikavamia mabaki, moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao askari wa Royal Scots. Tinsley alihukumiwa kifungo cha miaka 3, Meakin miezi 18.

Hatuisomi habari hii kama ya watu waovu. Ni nani katika sisi hajapata kumwandikia mwenziwe saa ya kufika katika daftari la mahudhurio? Mwandishi wa maneno haya amefanya hivyo, katika ofisi ambayo hataitaja, na malipo yake yalikuwa karipio tu. Kosa letu hungoja mkaguzi wa hesabu, labda mwaka mzima. Kosa la Tinsley halikungoja hata nusu saa. Na lilitoka katika uhuru ule ule unaowavuta vijana: kwamba hakuna mkubwa aliyesimama nyuma.

Kwa hiyo, mzee wetu, mwanao haendi kuvuta vyuma. Aenda kushika daftari, kama wewe. Vyuma vyenyewe vimepungua. Vibanda vingi vya Uingereza vimekwisha fungwa, na kazi imehamia mbele ya vioo vya kompyuta. Hata kwetu, katika reli ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, mitambo hufanya mengi, ila hapana budi awepo mtu wa kuiangalia.

Yuko mwanachama mwenzetu mstaafu aliyekaa katika ishara miaka mingi. Amekubali kumpokea kijana nyumbani kwake Jumapili ijayo baada ya saa 9, amweleze hasa habari za zamu za usiku. Baba naye amealikwa, na amesema atafikiri.